Mboga ya Pwani na Kibuyu cha Mzee Polikarpi

Nyumba yetu ya Ihembe ilikuwa na saa ya ukutani iliyokufa zamani, lakini tangu Agosti hatukuihitaji. Tulijua muda kwa kikohozi cha baba mkwe wangu, Mzee Polikarpi. Chai ya asubuhi, kikohozi. Maji ya mchana, kikohozi mpaka machozi. Kiharusi kilimkuta kwenye mibuni yake, kikamwachia mguu mzito, mdomo uliopinda kidogo, na koo lililosahau kufunga mlango kitu chepesi kinapopita. Mtaalamu wa hospitali alituambia bila kuzunguka: maji yakipotea njia yakaingia kwenye mapafu, mzee hatuna. Mpeni vitu vizito, akae wima, na kidogo kidogo.

Basi tukampa uji mzito. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji. Siku moja akauangalia uji, akauangalia ukuta, akasema polepole kwa ulimi wake mzito, "Mama Benitha, hata ng'ombe hubadilishiwa majani."

Jina langu ni Mukakalisa. Nilizaliwa Rugu, kwa watu waliotoka Rwanda zamani wakaishi kwa kulima mashamba ya wenzao. Mama Benitha ni jina nililopewa baada ya kumzaa binti yangu, na Mzee hunitaja hivyo siku zote. Akiniita Mukakalisa, najua jambo limekuwa kubwa.

Tungeendelea hivyo na uji wetu, kama si simu ya Benitha mwezi wa Septemba. Binti yangu anafundisha shule ya msingi Unguja, upande wa mashariki. Alisema kijana wa Nkwenda kule Kyerwa, anaitwa Tuyizere, anataka kuleta wazee wake. Watakuja tarehe ishirini na nane Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Nilipiga kigelegele hapo hapo jikoni. Mume wangu Evaristi akacheka, Mzee akatabasamu na nusu ya mdomo wake. Kisha wote watatu tukakumbuka kitu kimoja kwa wakati mmoja: kibuyu.

Katika ukoo huu wachumba huja na rubisi, pombe yetu ya ndizi na mtama. Mkubwa wa ukoo upande wa binti hupokea kibuyu mbele ya watu, huonja wa kwanza, husema neno. Hapo posa imepokelewa. Asipoonja, wageni hurudi na kibuyu chao na aibu yao. Na kazi ya kuonja haina likizo: mkubwa akishindwa mara moja, anaonja mdogo wake, na hairudi tena kwake. Mzee Polikarpi alikuwa ameonja kwa ajili ya mabinti kumi na mmoja wa ukoo huu. Benitha angekuwa wa kumi na mbili, na ndiye mjukuu ambaye Mzee alimbeba mgongoni mpaka watu wakamcheka.

Wiki ile ile mdogo wake, Baba Mdogo Nolasco, akapanda bodaboda kutoka Kayanga na kilo mbili za sukari. Nolasco si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kiti cha mbele, hata msibani. Akaketi, akaulizia afya, akashusha sauti kama mtu anayetoa zawadi.

"Kaka, wewe pumzika. Siku hiyo nitaonja mimi."

Jioni Mzee alikataa hata uji. Nilimsikia akimwambia mwanawe, "Siku Nolasco atakapoonja, nami nimekaa pale pembeni natazama, mhesabu kwamba mmeshanizika."

Iliniuma, na nitasema kwa nini, maana mficha uchi hazai. Miaka ishirini na sita iliyopita Mzee Polikarpi alikuja kwetu Rugu kuniposa kwa ajili ya mwanawe. Alikuja na watu wake wenye makoti, wenye kahawa, wenye mabati. Sisi tulikuwa na nyumba ya nyasi na kibuyu kimoja cha rubisi ya kuwakaribishia wageni, na rubisi hiyo ilikuwa imeharibika. Marehemu baba yangu, Sebahire, aliionja wa kwanza kama mwenyeji, uso ukamshuka, akakiweka kibuyu chini. La kuvunda halina ubani. Mimi niliyekuwa nachungulia nyuma ya pazia nilijua nimekwisha. Ndipo Mzee Polikarpi akanyoosha mkono, akasema, "Waitu, wenzangu, mbona mnaninyima?" Akakitwaa kibuyu, akanywa, akanywa mpaka kikawa kitupu. Akajifuta mdomo, akasema neno moja: "Imeiva." Baba yangu alinyanyua kichwa. Nikaolewa.

Sijawahi kumuuliza kama aliisikia ile ladha. Kuna maswali mkwe hamuulizi baba mkwe wake. Lakini toka siku ile mzee huyo nampenda kama nilivyompenda aliyenizaa, na sikuwa tayari kumwona amekalishwa pembeni kama kiti kilichovunjika mguu.

Mwezi wa Oktoba Benitha akatuma kifurushi. Nilikifuata Kayanga stendi, nikakisainia, nikakifungua hapo hapo kwa sababu sina subira. Ndani mlikuwa na majani makavu yaliyosokotana, magumu, ya rangi ya kahawia, yamejaa chumvi nyeupe, yananuka samaki aliyekasirika. Benitha alikuwa amesema kwenye simu, "Mama, nimekutumia mwani, ndio zao la akina mama wa huku," kisha chaji ikamwishia. Mimi nikajiambia, zao ni zao. Zao la akina mama ni mboga. Ingekuwa nini kingine?

Na mboga ngumu sisi tunajua dawa yake. Mama yangu hakuwahi kupika maharage ya zamani wala majani yaliyokomaa bila maji ya majivu. Unachoma maganda makavu ya ndizi, unaweka majivu kwenye chombo kilichotobolewa, unamwagia maji, yanachuruzika taratibu, yamekuwa kama chai ya rangi. Kijiko kikubwa kimoja, na jani lililokuwa kama ngozi linalainika. Basi nikauosha mwani mara tatu, nikauloweka, nikaubandika jikoni na maji ya majivu. Sikutia kijiko kimoja. Ulivyokuwa mgumu, nilitia bakuli.

Baada ya saa nzima nikafunua nikakuta mboga haipo. Nasema haipo! Kulikuwa na ute mzito unaotokota, na vipande vichache vinaelea kwa aibu. Nikachuja kwa hasira, nikitumaini mboga itabaki kwenye chujio. Ikabaki kama kiganja kimoja. Nikaiacha sufuria karibu na mlango, nikapika maharage, nikalala na hasira zangu.

Asubuhi nilitaka kumwaga ule ute nyuma ya migomba. Nikapindua sufuria. Hakikumwagika kitu. Nikatikisa. Kikatoka kizima, pwaa, kikasimama juu ya jani la mgomba na umbo lote la sufuria, hata ile sehemu iliyobonyea, kinatetemeka. Mbwa akaja, akanusa, akarudi kinyumenyume. Evaristi akatoka na mswaki mdomoni.

"Mama Benitha, umepika sabuni?"

"Nimepika mboga ya mwanao."

"Hiyo mboga inanitazama."

Tukasikia sauti nyuma yetu. Mzee Polikarpi alikuwa kwenye kiti chake kibarazani, mabega yanacheka, kifua kinacheka, nusu ya uso inacheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu Agosti. Akaashiria kwa kidole.

"Lete nionje."

Evaristi alikataa, mimi nikakata kipande kidogo kama punje ya mahindi. Mtu aliyekula uji kwa miezi miwili ana haki ya kuonja hata sabuni. Nikamwinua akakaa wima, nikamwekea ulimini. Alitafuna, akakunja uso kwa uchungu wa majivu, akameza. Tukasubiri kikohozi. Kuku wakapita, bodaboda ikapita barabarani, kikohozi hakikuja.

"Ni kibaya sana," akasema. "Nipe kingine."

Nilimpigia Benitha nikamweleza yote. Alicheka mpaka nikamwambia ananimalizia salio. Kisha akanisimulia. Mwani hauoti shambani, unaota baharini. Maji yakitoka, akina mama wanaingia na vigingi na kamba, wanafunga vipande vichanga kwenye kamba kama sisi tunavyofunga mafungu ya mchicha, na baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanaanika. Wanunuzi wanausafirisha nje. Huko unachemshwa, unageuzwa unga, unarudi kwetu umefichwa ndani ya aiskrimu, maziwa ya pakiti, hata dawa ya meno, ndio unaovifanya vishikamane visitengane.

"Kwa hiyo tunaula siku zote?"

"Mama, hata Baba asubuhi alikuwa nao kwenye mswaki." Halafu akauliza, "Lakini uliupika na nini mpaka ukawa mgumu hivyo?"

"Maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Ningeupika na nini?"

Akasema ngoja. Jioni alipiga tena, amemuuliza mwalimu mwenzake wa sayansi. Alikuwa anaongea haraka haraka. Ndizi imejaa madini ya potasiamu, na majivu ya maganda yake yana mengi zaidi. Mwani wa aina ile ukikutana na potasiamu unakaza. Viwandani wanauchemsha na dawa ya ukoo huo huo, wanainunua kwa hela nyingi.

"Mwalimu anauliza mama yangu alisomea wapi," akasema.

"Mwambie Rugu, chuo cha mafiga matatu."

Hapo ndipo wazo liliponiingia. Kama mwani unashika maji, utashika na rubisi. Nilirudi hospitali kwanza, nikiwa na Mzee na bakuli la ule ute ulioganda, maana ujeuri wangu una mipaka. Yule mtaalamu alionja kwa ncha ya kijiko, akamjaribisha Mzee mbele yangu, akasikiliza kifua chake. Akasema kinachofaa ni kizito laini, kisicho na mabonge, kinachoteremka polepole. Kigumu kinachokatika vipande kinaweza kumkaba, na nisirudie kubahatisha kama nilivyobahatisha. Pombe iwe ya kuonja tu.

Laini bila mabonge! Nilipigana na hayo maneno mwezi mzima. Nilipunguza majivu, nikaosha lile donge kwenye maji mengi mpaka uchungu ukatoka. Nikajaribia omuramba, maji matamu ya ndizi kabla hayajachacha. Nikakata kipande cha donge, nikakiyeyusha kwenye omuramba wa moto, nikaacha upoe. Ukawa jiwe, nilisahau kwamba ndizi yenyewe ina madini yake, haihitaji kusaidiwa. Nikapunguza kipande kikawa kama kiberiti, kisha nusu kiberiti. Nikamwaga ute wa moto kwenye omuramba wa baridi, ukaganda vijipande kama maziwa yaliyokatika. Evaristi alikula makosa yangu yote, na siku moja aliniomba kwa heshima kama ninaweza kurudia kupika ndizi.

Nilipata njia kwa sababu ya hasira. Siku hiyo nilikuwa nagombana na Evaristi kuhusu mbuzi aliyeingia kwenye maharage, na nilipokuwa nagombana nilikuwa nakoroga sufuria iliyokwisha epuliwa. Nilikoroga ugomvi mzima. Nilipomaliza, omuramba ulikuwa umepoa lakini haukuganda. Ulikuwa mzito, laini, unateremka kwenye mwiko kama asali ya asubuhi. Ukiukoroga wakati unapoa, hauna nafasi ya kukamatana. Ukiuacha utulie, umekwisha. Mzee alikunywa nusu kikombe, akalamba mdomo, hakukohoa. Akashika mkono wangu wa mwiko akaubana. Mimi nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Tukawa na siri ya watu watatu. Mzee alitaka hivyo. "Nolasco akijua, atasema nimekula dawa, sikuonja."

Tarehe ishirini na nane ikafika. Benitha alikuwa amejifungia chumbani na shangazi zake, vitenge vinapishana uani, ndizi zimeiva kwenye sufuria kubwa. Wageni walishuka saa sita mchana, watu tisa kutoka Nkwenda, na kibuyu kimebebwa mbele kimefungwa jani la mgomba. Kama ilivyo desturi, kibuyu kililetwa kwanza jikoni kwa mama wa binti, naye hujaza kibuyu kidogo cha kuonjea.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: mshenga huongea. Mshenga wa kawaida huanza na uumbaji wa dunia, anapita kwenye njaa za zamani, anapotea njia, anapotea tena, ndipo anafika kwenye "tumeona ua zuri kwenye bustani yenu." Nusu saa, hata akiharakisha. Mimi nilihitaji dakika kumi na tano za kupasha rubisi, kuyeyusha kipande changu na kukoroga mpaka ipoe.

Wakaja na mshenga kijana. Mfanyakazi wa ofisi, ana saa mkononi. Rubisi yangu haijapata moto sawasawa nikamsikia sebuleni, "Wazee wetu, shikamooni. Hatutaki kuwachosha. Tumekuja kumwomba Benitha kwa ajili ya kijana wetu Tuyizere. Kibuyu kimeshafika. Asanteni." Akakaa! Maisha yangu yote sijawahi kumchukia mtu mfupi wa maneno kama siku ile.

Nikatupia kipande sufuriani, kikayeyuka. Nikaepua, nikaweka sufuria kwenye beseni la maji ya kisima, nikaanza kukoroga kwa mikono miwili. Sebuleni nikamsikia Nolasco akikohoa kile kikohozi cha mtu anayejiandaa.

"Kibuyu kiko wapi?" akauliza. "Mama Benitha!"

"Kinakuja, Baba Mdogo!"

Nakoroga. Bado moto. Nikatoka nimeshika kibuyu kidogo kitupu nyuma ya mgongo, nikapiga magoti mlangoni.

"Samahanini wazee wangu. Mimi nilizaliwa Rugu, kwetu mshenga hasemi mara moja. Mama wa binti hajasikia sifa za kijana. Analima? Anasali? Akikasirika anafanyaje?"

Mama wa binti kusema hivyo ni ujeuri, na shangazi mmoja alishika kifua. Lakini wageni wakacheka, na yule kijana mwenye saa akasimama tena, akaanza kumsifu Tuyizere. Nikarudi kukoroga. Alipofika kwenye jinsi Tuyizere alivyomwokoa ndama shimoni, nilichovya kidole: vuguvugu. Alipomaliza ndama, ikawa baridi na nzito, laini, bila bonge hata moja. Nikajaza kibuyu kidogo, nikakitikisa, nikaenda nacho mbio.

Nikafika wakati Nolasco ameshanyanyuka kwenye kiti. Mkono wake ulikuwa hewani.

"Kaka, niachie nikusaidie," alikuwa anamwambia Mzee, na kwa kweli sauti yake ilikuwa ya huruma.

Nilimpita. Nikapiga magoti mbele ya baba mkwe wangu, nikamwekea kibuyu kwenye mkono wake mzima. Alikaa wima kama tulivyofanya mazoezi. Sebule yote ikamtazama, hata wale wa Nkwenda walikuwa wamesikia habari za kikohozi. Akainua. Rubisi ikachelewa kuteremka, maana haikuwa na haraka. Ikafika. Akameza. Akangoja. Nami nikangoja, nimefumba macho nikiomba rozari yote kwa neno moja.

Kisha nikasikia anameza tena. Mtaalamu alisema kuonja tu! Nikafumbua macho kumkonyeza, hakunitazama. Akameza kidogo kidogo, taratibu, mpaka akakipindua kibuyu na hakikudondosha kitu. Akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Imeiva," akasema.

Vigelegele vikapasua bati. Benitha alilia chumbani, shangazi wakaimba, mshenga akaangalia saa. Nolasco alikichukua kibuyu apokee zamu yake, akachungulia ndani, akakuta kitupu, akamtazama kaka yake. Akaangua kicheko.

"Kaka, hujaniachia hata tone! Basi wewe hujambo." Akaenda kukaa kiti cha pili, na chakula kilipokuja alimpondea Mzee ndizi kwa mkono wake mwenyewe.

Wageni waliondoka jua likiwa bado juu ya migomba. Nilimkuta Mzee kibarazani, miguu imenyooshwa, amechoka na amefurahi. Nikakaa kwenye mkeka chini yake nikaanza kukwangua sufuria.

"Mukakalisa," akaita.

Nikaacha kukwangua. "Abee, Baba."

"Ile rubisi yako ilinuka samaki."

"Niliuosha mwani mara tatu, Baba. Ni bahari ile."

"Ilinuka sana." Akatafuta maneno kwa ule ulimi wake mzito, nikamsubiri. "Lakini ya baba yako kule Rugu ilikuwa mbaya zaidi."

Miaka ishirini na sita. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, yote kwa pamoja, na sufuria ikaniponyoka ikabingirika uani mbwa akakimbia. Mzee akaningoja nimalize. Kisha akanyoosha kikombe chake.

"Sasa nitengenezee chai," akasema. "Nzito."